MAZIWA SI KINGA YA MVUKE: NENO LETU JUU YA KAZI YA FAIBA

Ndugu Wanachama, na ninyi wafanyakazi wenzetu wa Thika na Ruiru mlio bado nje ya Chama,

Katika karakana kadhaa za Eneo la Viwanda hapa kwetu kuna desturi iliyokaa muda mrefu hata watu wamesahau kuiuliza. Mfanyakazi wa faiba hupewa pakiti moja ya maziwa saa nne asubuhi. Huambiwa: Kunywa, yataosha kifua. Kisha hurudi kwenye mvuke mpaka jioni. Sisi twasema ya kwamba desturi hii ni udanganyifu. Twataka kuonyesha kwa nini, hatua kwa hatua, ili hata yule asiyewahi kushika brashi ya rezini apate kufahamu na kutuunga mkono.

Huenda mtu akauliza: Watu wa reli wana shauri gani na faiba? Jawabu ni rahisi. Reli ilifika Thika mwaka 1913, kabla ya viwanda hivi tuvionavyo leo, na tangu hapo watu wa reli na watu wa viwanda wamekaa pamoja. Makongeni na Kiandutu mtu haulizwi kama mkate wake watoka relini au kiwandani. Moshi wa jioni ni mmoja, na anayekohoa usiku husikika nyumba ya pili. Tena faiba yenyewe imeingia katika kazi ya reli. Mahali ambapo vyuma viwili vya njia vyapaswa kuunganishwa bila kupitisha umeme wa ishara, hutiwa vipande vya kuungia vilivyotengenezwa kwa nyuzi za glasi, kwa maana chuma kingeupitisha. Basi kazi ya mkono wa ndugu mmoja humlinda ndugu mwingine. Nasi hatuwezi kunyamaza.

FAIBA NI KITU GANI?

Neno lenyewe huchanganya watu. Siku hizi ukisema faiba, kijana hufikiri habari za intaneti. Ule ni uzi wa glasi safi upitishao mwanga, nao ni jamaa wa mbali tu. Wengine huliona tangi jeusi la maji juu ya nyumba wakasema ni faiba. Hilo silo, tangi la namna hiyo kwa kawaida ni plastiki tupu iliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Faiba tuisemayo sisi ni vitu viwili vilivyooanishwa: nyuzi za glasi, na rezini ya kuzishika.

Siri hii ya kuoanisha vitu viwili wazee wetu waliijua tangu zamani. Tazameni nyumba ya udongo. Fito peke yake hazizuii upepo, na udongo peke yake hupasuka ukauke kidogo tu. Lakini fito zikifungwa na udongo ukakandikwa, nyumba husimama miaka. Fito hubeba, udongo hushika. Tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka pia habari za Waisraeli kule Misri. Tofali lilitiwa majani makavu lisipasuke, na Farao alipotaka kuwatesa watu wale aliwanyima majani, akadai hesabu ileile ya matofali. Zege na nondo ni jambo lilelile. Faiba nayo ni mtoto wa ukoo huo.

Glasi hutengenezwa kwa mchanga mweupe, chokaa na vitu vingine, vikayeyushwa katika tanuri lenye joto la kiasi cha digrii 1,400. Glasi iliyoyeyuka huvutwa kupitia matundu madogo sana ikawa nyuzi. Uzi mmoja una unene wa mikroni 10 hadi 20 hivi, na mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa binadamu una kama mikroni 70. Na hapa pana jambo la ajabu. Kioo cha dirisha huvunjwa na jiwe la mtoto, lakini glasi ikifanywa uzi mwembamba huvumilia kuvutwa kupita chuma cha kawaida. Sababu yake ni kwamba kioo huvunjika kwa nyufa ndogo zisizoonekana, na uzi mwembamba mno hauna nafasi ya kuwa na nyufa kubwa.

Lakini uzi hausimami wenyewe. Hukunjika kama uzi wowote. Ndipo rezini ya poliesta huletwa. Rezini huzishika nyuzi mahali pake, huzikinga na maji, na hugawa mzigo toka uzi mmoja hata mwingine. Uzi mmoja ukikatika, jirani zake hupokea mzigo wake. Ndugu, mwenye chama hahitaji kufafanuliwa zaidi.

NI MALI NJEMA

Hatuandiki haya kuitukana faiba. Ni mali njema, na mafundi wake ni mafundi kweli. Chukueni debe la lita 20. Likijazwa chuma kitupu lina uzito wa kama kilo 157. Likijazwa faiba ya mati ni kama kilo 30 tu. Na kilo kwa kilo, katika kuvutwa, faiba hiyo haishindwi na chuma cha kawaida. Haishiki kutu. Haipitishi umeme, ndiyo maana ngazi za mafundi wa nyaya za stima hutengenezwa kwayo. Yakubali umbo lolote ambalo fundi ameweza kulichonga katika kalibu.

Ina upungufu wake pia. Hupinda upesi kuliko chuma, kwa hiyo fundi lazima aitie mbavu au aizidishie unene. Ikishika moto hutoa moshi mweusi mzito, isipokuwa imetiwa dawa ya kuzuia moto. Na ikiisha kukauka haiyeyuki tena. Chuma chakavu hurudi tanurini kikawa nondo, bali faiba chakavu haina tanuri la kurudi. Ndiyo sababu twaona vipande vyake vikitupwa au kuchomwa nyuma ya karakana, na moshi ukaenda katika nyumba za watu.

Nyuzi hizi na rezini hizi zilikutana Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Kampuni ya Owens-Corning, iliyoanza kuuza nyuzi za glasi kwa wingi, iliundwa mwaka 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili faiba ilifunika mitambo ya rada katika ndege. Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ilitoa gari la Corvette lenye bodi ya faiba. Kule Uingereza, mwaka 1976, treni ya InterCity 125 ilianza kubeba abiria, nayo chumba cha dereva, yaani ile pua yote ya mbele, kilikuwa cha faiba. Iliweza kwenda maili 125 kwa saa.

Hapa Kenya, aliyepita barabara ya Marsabit kuelekea Ziwa Turkana ameiona mitambo ya upepo 365 iliyozinduliwa mwaka 2019. Kila mtambo una mapanga matatu. Jumla ni mapanga 1,095, na nguvu yake yatoka katika nyuzi za glasi. Yako mengine vilimani Ngong. Pwani na Ziwa Victoria kuna mashua za faiba. Na katika karakana zetu za Thika na Ruiru, na za Nairobi pia, hutengenezwa nyuso za mabasi na matatu, kofia za pikapu, mabati yapitishayo mwanga, matangi ya asidi, na mateleza ya watoto katika mabwawa ya kuogelea. Basi lile linalong'aa likipita kwa muziki barabara kuu ya Thika, uso wake ni jasho la mtu. Twataka abiria alijue hilo.

KAZI INAVYOFANYWA, NA HATARI ILIPO

Kalibu husafishwa na kupakwa nta ili kitu kisigandame. Kisha hupakwa tabaka la kwanza la rezini yenye rangi, ndilo litakalong'aa nje. Likianza kushika, mati ya nyuzi za glasi hutandikwa, rezini hupakwa kwa brashi, na rola hupitishwa kwa nguvu ili hewa itoke. Hutandikwa mati nyingine, na nyingine tena. Rola ikipita ovyo hubaki mapovu ya hewa, na mahali penye povu ndipo basi litakapopasuka. Hii ni kazi ya jicho na mkono, wala si kazi ya kusukumana.

Sasa sikilizeni hatari zake moja moja.

Kwanza, mvuke. Rezini ya poliesta huchanganywa na maji yake yaitwayo stairini, na kiasi chake huwa kati ya sehemu 35 na 45 katika 100. Fundi akipaka, sehemu ya stairini huruka hewani. Hiyo ndiyo ile harufu tamu kali ambayo hata mpita njia huitambua. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu. Haupandi darini, hushuka, ukatulia chini ndani ya kalibu na ndani ya tangi, palepale alipoinama fundi. Kwa hiyo feni ya dari iliyofungwa kwa ajili ya kuonyesha wakaguzi haisaidii. Yatakiwa mtambo wa kufyonza hewa chini, karibu na kazi. Na pua nayo si mlinzi wa kutegemewa: siku ya kwanza husikia harufu kali, baada ya muda huizoea ikanyamaza, na mvuke bado upo.

Stairini huleta kuumwa kichwa, kizunguzungu, uzito wa mwili na akili kuchelewa. Twamjua mfanyakazi aliyetoka kazini jioni akiyumba, na msimamizi wake akasema amekunywa chang'aa. Hakuwa amekunywa kitu ila hewa ya karakana. Wataalamu waliowachunguza wafanyakazi wa faiba katika nchi mbalimbali wameona pia kupungua kwa uwezo wa kutofautisha rangi, na kudhoofika kwa masikio. Mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo Lyon, Ufaransa, waliipandisha stairini katika orodha ya vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Sheria ya Marekani huruhusu sehemu 100 za stairini katika sehemu milioni moja za hewa kwa saa nane za kazi. Taasisi ya serikali hiyohiyo, NIOSH, yashauri isizidi 50. Nasi twauliza matajiri wetu: Ninyi mmepima mara ngapi? Mna karatasi gani ya kutuonyesha?

Pili, hadna. Ili rezini igande hutiwa hadna, kiasi cha sehemu moja au mbili tu katika 100. Haba, lakini kali. Ikiruka jichoni yaweza kulipofusha kabisa. Jicho lapaswa kuoshwa kwa maji mengi papo hapo, dakika 15 bila kupumzika, ndipo lipelekwe hospitali. Mtu asiyekuwa na bomba la maji karibu amekwisha kupoteza jicho kabla ya kufika langoni. Tena kuna ile dawa ya kobolti ya kuharakisha. Hadna na kobolti zikikutana peke yake, bila rezini katikati, huwaka au kulipuka. Kila moja yapaswa kuchanganywa katika rezini kwa zamu yake, na kuwekwa mbali na mwenzake. Lakini tumeona zikikaa rafu moja, katika chupa za soda zilizochujuka, bila jina.

Tatu, moto. Mvuke wa stairini waweza kushika cheche rezini ikifika joto la digrii 31 tu. Chini ya mabati ya Thika mwezi wa Februari joto hilo si jambo la kushangaza. Asetoni ya kuoshea brashi ni hatari zaidi ya hiyo. Na grainda hurusha cheche katika chumba kilekile, na mtu mwingine huvuta sigara mlangoni.

Nne, vumbi. Kitu kikiisha kukauka hukatwa na kusuguliwa. Vumbi la glasi na rezini huingia shingoni, mikononi, katika pua na macho. Mtu huwashwa usiku kucha, na mtoto ambebaye huwashwa naye, maana nguo za kazi hufuliwa katika beseni moja na nepi.

MANENO YA MATAJIRI, NA MAJIBU YETU

Tumeyakusanya maneno yao yasemwayo mara kwa mara, tuyajibu moja baada ya moja.

Wasema: "Twawapa maziwa." Maziwa huenda tumboni. Mvuke huenda mapafuni, na toka mapafuni huingia katika damu. Njia mbili hizi haziungani ila katika maneno ya tajiri. Maziwa ni chakula kizuri, na mwenye njaa ashukuru. Lakini hayakutoa hata tone moja la stairini kifuani mwa mtu. Tena yana dhara la pili, maana mtu akiisha kunywa hujiona amekingwa, akakaza mwendo. Pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko mtambo wa kufyonza hewa. Hiyo ndiyo sababu yote, wala hakuna nyingine.

Wasema: "Twawapa maski." Maski gani? Ile ya kitambaa na ile ya karatasi, kama tulizovaa wakati wa korona, huzuia mate na baadhi ya vumbi. Mvuke hupita ndani yake kama maji yapitavyo katika kikapu. Kwa mvuke yatakiwa maski ya mpira yenye vikopo vya makaa maalumu pande zote, na vikopo vile lazima vibadilishwe, kwa maana hujaa. Na hata maski njema huja nyuma. Mbele yake ni kuondoa mvuke wenyewe hewani.

Wasema: "Hii si asbesto." Hapa wasema kweli, nasi hatutaki kushinda kwa uongo. Uzi wa asbesto hupasuka kwa urefu ukawa mwembamba zaidi na zaidi hata ukazama ndani kabisa ya mapafu. Uzi wa faiba hukatika kwa upana tu, na ni mnene. Mwaka 2001 wataalamu walewale wa Lyon waliona hapana ushahidi wa kutosha wa kuuhesabu uzi wa namna hii kuwa wa saratani. Lakini tazameni ujanja ulipo. Tukiuliza habari za rezini, tajiri hujibu habari za uzi! Mtu aliyeulizwa juu ya nyoka asijibu juu ya fimbo.

Wasema: "Mkidai sana, kiwanda kitafungwa mkose kazi." Neno hili latisha, nasi twalipima kwa uzito wake, kwani njaa si mzaha. Lakini Thika si mtoto mdogo. Katika miaka ya 1990 nchi hii iliona viwanda vya nguo vikianguka kimoja baada ya kingine. Je, viliangushwa na glavu? Viliangushwa na miwani ya usalama? Viliangushwa na nguo zilizomwagika toka nje pamoja na mambo mengine ya biashara ambayo mfanyakazi hakuulizwa. Tena tajiri mwenye akili ajua kwamba fundi wa faiba hafanyiki kwa siku moja. Ukimharibu mapafu leo, kesho utakuwa na mgeni asiyejua rola, na nyuso za mabasi zenye mapovu.

Wasema: "Huyu ni kibarua tu." Hapa ndipo penye mzizi. Yuko kijana mmoja, jina lake hatulitaji wala la karakana, aliyerukiwa na hadna jichoni siku ya Alhamisi. Bomba la maji lilikuwa nje, ng'ambo ya uwanja. Alipelekwa kwa pikipiki. Jumatatu aliporudi na bandeji, jina lake halikuwamo katika orodha ya langoni. Alikuwa ameitwa kibarua kila asubuhi kwa miezi kumi na minne. Farao wa kale aliwanyima watu majani akataka matofali. Huyu wa leo nyuzi analeta, rezini analeta, kalibu analeta. Anachonyima ni hewa. Na hesabu ya matofali ni ileile.

SHERIA YASEMAJE

Ndugu, hatuombi zawadi. Mambo mengi tunayoyataka yamekwisha kuandikwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kiwanda atoe mavazi na vifaa vya kinga vinavyofaa kazi yenyewe, azuie vumbi na mvuke kwa kuufyonza karibu na unapotokea kadiri iwezekanavyo, na makemikali ya hatari yawe na alama pamoja na karatasi ya maelezo ya usalama. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, ambayo wafanyakazi wana wajumbe wao ndani yake. Na sheria hiyohiyo yakataza kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Miezi kumi na minne ya yule kijana basi ni nini, kama si wizi wa jina?

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yahusu ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Na juu ya hizo zote, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 41 yampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yenye kufaa, haki ya kuingia katika chama, na haki ya kugoma.

Wako watakaosema sheria ni karatasi. Tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Watu wa mtaa ule walidhurika na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Hawakuwa na fedha. Walikuwa na ushahidi na umoja. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kupanda ngazi za mahakama, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu ile. Lakini watoto wao walikuwa wamekwisha kudhurika. Sisi hatutaki kushinda kesi baada ya mazishi. Twataka feni sasa.

TUNAYOYATAKA

1. Mitambo ya kufyonza hewa iwekwe chini, karibu na kalibu, katika kila karakana ya faiba. Mtu asiingie ndani ya tangi kupaka rezini bila hewa ya kuletwa na bila mwenzake kusimama nje.

2. Hewa ipimwe, na hesabu ibandikwe ukutani kwa Kiswahili.

3. Bomba la kuoshea macho liwe hatua chache toka mahali pa kuchanganyia hadna. Hadna na kobolti zitengwe, kila moja katika chombo chake chenye jina.

4. Maski za vikopo, glavu zinazohimili rezini na asetoni, miwani iliyozibwa pande zote, na nguo za kazi zifuliwazo kazini. Nguo za vumbi zisipelekwe kwa wake zetu na watoto wetu.

5. Grainda na moto wowote viwe mbali na mahali pa kupakia.

6. Daktari awapime wafanyakazi wa faiba kila mwaka, macho, masikio na mapafu, na kila mtu apewe karatasi yake mwenyewe.

7. Vibarua wote waliotimiza muda wa sheria waandikwe. Na fundi wa rola apimwe ufundi wake apewe cheti, kama apewavyo mchomeleaji na fundi wa stima. Kazi yenye cheti haiitwi kibarua.

8. Maziwa yaendelee, kama tajiri apenda. Lakini yaitwe chai ya saa nne, yasiitwe dawa.

Nanyi ndugu mfanyao kazi hiyo, yako mambo yasiyongoja tajiri. Msiweke hadna katika chupa ya soda. Msioshe mikono kwa asetoni. Hukausha ngozi ikapasuka, na sumu ikapata mlango. Msile penye rezini. Andikeni katika daftari tarehe ya kila ajali na kila kizunguzungu, mkataje na waliokuwapo, kwa maana mbele ya mkaguzi neno la mdomo ni upepo, na daftari ni shahidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa wenzetu wa viwanda vingine, wa ngozi, wa chuma, wa mafuta na wa matunda, twasema hivi: Msiseme hayawahusu. Kila kiwanda kina maziwa yake, yaani kila kiwanda kina kitu kidogo cha bei rahisi kinachotolewa mahali pa kitu kikubwa kilicho haki. Chunguzeni cha kwenu ni kipi, mkilete katika mkutano.

Mati moja ya glasi waweza kuirarua kwa vidole. Zikiwa tano, zikashikwa pamoja na kukauka, hata mtu mwenye nyundo huanza kufikiri. Twaanza na kamati ya usalama katika kila karakana yenye watu 20. Wajumbe wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe, wasichaguliwe na ofisi. Leteni majina yao kwa mwakilishi wa Chama kabla ya mwisho wa mwezi.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi ndugu zenu,
Wafanyakazi wa Reli, Thika